Filamu ya Katuni, Mtoto Mdogo na Mlezi Wake: Historia ya Uamuzi na Pengo la Lugha katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Swali la iwapo filamu ya katuni iliyokusudiwa familia nzima inamfaa mtoto mdogo huonekana kuwa la sebuleni, lakini lina historia ndefu katika sheria, bodi na maabara. Makala hii inafuatilia historia hiyo kuanzia enzi ya ukoloni katika Afrika Mashariki na kuanzishwa kwa bodi za Uingereza na Marekani, hadi mifumo ya sasa ya Kenya, Tanzania na Uganda. Inadai kwamba maswali matatu yamekuwa yakichanganywa: je, filamu itawachukiza watu wazima, je, itamtisha mtoto, na je, mtoto ataielewa? Bodi za ukanda huu zimelipa uzito swali la kwanza na kuazima majibu ya swali la pili kutoka nje. Swali la tatu, ambalo kiini chake ni lugha, limeachwa bila mwenyewe. Kwa kutumia filamu ya The Lion King (1994) kama mfano mkuu, makala inaonyesha kwamba katika filamu nyingi za katuni hofu hubebwa na picha ilhali faraja hubebwa na maneno. Kwa hiyo, mtoto asiyejua lugha ya filamu hupata hofu na kukosa faraja. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kuhusu matumizi ya Kiswahili katika maelezo ya madaraja ya filamu.

1.0 Utangulizi

Mnamo Desemba 1937 kampuni ya Walt Disney ilizindua Snow White and the Seven Dwarfs mjini Los Angeles. Ilikuwa filamu ndefu ya katuni ya kwanza ya kampuni hiyo, na ilitokana na ngano ambayo watoto wa Ulaya walikuwa wamesimuliwa kwa vizazi vingi. Ilipofika Uingereza mwaka 1938, bodi ya filamu ya nchi hiyo haikuipa daraja la U, yaani la watazamaji wote. Iliipa daraja la A, lililomtaka mtoto wa chini ya miaka 16 aingie ukumbini akiwa na mtu mzima. Kilichowatia wasiwasi wakaguzi ni msitu wenye matawi yanayoshika kama mikono, pamoja na malkia anayegeuka kuwa ajuza mchawi. Baadhi ya mamlaka za miji, ambazo kisheria ndizo zilizokuwa na kauli ya mwisho kuhusu kumbi zao, ziliupuuza uamuzi huo na kuwaruhusu watoto kuingia wenyewe. Baadaye filamu hiyohiyo ilipewa U.

Tukio hilo linabeba karibu kila kipengele cha mjadala unaoendelea hadi leo. Kuna kazi iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto lakini ikashukiwa kuwatisha watoto. Kuna bodi iliyoamua bila kuwauliza watoto wenyewe. Kuna mamlaka nyingine iliyoamua kinyume chake, na kuna mtu mzima aliyekabidhiwa jukumu la kuketi kando ya mtoto. Kipengele kimoja tu hakikujitokeza, kwa kuwa hakikuwa na sababu ya kujitokeza: lugha. Mtoto wa London na filamu aliyoitazama walizungumza Kiingereza.

Katika Afrika Mashariki hali ni tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayohalalisha mjadala huu kuletwa mbele ya wanazuoni wa Kiswahili. Mtoto wa miaka 4 wa Tabora, Mombasa au Bujumbura anayewekewa filamu ya katuni kwenye simu au runinga mara nyingi huiona katika lugha asiyoijua, na pengine asiyoijua hata mlezi aliye naye. Alama iliyo kwenye filamu hiyo ilitolewa kwa kumfikiria mtoto mwingine.

2.0 Maneno ya Kutajia Kazi Hii

Kabla ya kufuatilia historia ya taasisi, inafaa kutazama majina ambayo Kiswahili kimezipa. Tanzania Bara, chombo kilichoundwa kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 kilijulikana kama bodi ya ukaguzi, na kazi yake ya sasa hutajwa kuwa ni kupanga filamu katika madaraja. Zanzibar jina la baraza linalohusika linatumia neno sensa: Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Nchini Kenya, ambako Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, imekuwapo tangu 1962, bodi iliyokuwa ya udhibiti ilibadilishwa jina na kuwa ya uainishaji. Mabadiliko kama hayo yalitokea Uingereza mwaka 1984, bodi iliyoanzishwa mwaka 1912 ilipoondoa neno la udhibiti katika jina lake na kuweka la uainishaji.

Maneno haya hayalingani kimaana. Kukagua ni kukitazama kitu ili kuona kama kina kasoro: tiketi hukaguliwa, hesabu hukaguliwa, nyama buchani hukaguliwa. Neno hilo huielekeza akili kwenye kitu na kumwacha mtumiaji kando. Kudhibiti ni kushika hatamu, na hapo mwenye nguvu ni anayeshika. Sensa, katika matumizi ya kawaida ya leo, humfanya msikilizaji afikirie kuhesabiwa kwa watu kabla hajafikiria filamu. Kuainisha hutokana na aina, na huahidi kutenganisha bila kuhukumu. Kupanga madaraja huleta taswira ya ngazi, kwamba mtazamaji hupanda kadiri anavyokua.

Hakuna hata neno moja kati ya hayo linalomtaja mtoto, na hakuna linalotaja kitendo cha kumweleza mlezi kilichomo. Hilo si kosa la wanaistilahi, kwani majina hayo yalifuata kazi zilivyokuwa. Ila ni ushahidi kwamba kwa muda mrefu kazi yenyewe haikueleweka kuwa ni kutoa maelezo. Ilieleweka kuwa ni kutoa kibali.

3.0 Mtu Mzima Aliyefanywa Mtoto

Katika makoloni ya Uingereza barani Afrika, swali la nani anaweza kuelewa filamu lilianza kuulizwa kwa watu wazima. Maofisa na wamisionari wengi waliamini kwamba Mwafrika hutazama picha kama mtoto atazamavyo, yaani kwamba huchanganya picha na ukweli, huiga anachokiona na hupotea hadithi ikienda haraka. Kutokana na imani hiyo, makoloni kadhaa yaliweka taratibu zilizotenganisha filamu zilizodhaniwa kuwafaa Wazungu na zile zilizodhaniwa kuwafaa Waafrika. Umri na rangi viliwekwa katika mizani moja.

Jaribio lililojulikana zaidi katika eneo hili lilifanyika Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya 1935 na 1937. Mradi huo wa filamu za elimu ulifadhiliwa na Carnegie Corporation ya Marekani na kuendeshwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham. Ulitengeneza filamu 35 kuhusu kilimo, afya, akiba ya fedha na mengineyo, kisha ukazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rodesia ya Kaskazini. Mwaka 1939 Uingereza ilianzisha kitengo cha filamu za makoloni chini ya William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi za afya Nigeria. Sellers alisisitiza kwamba filamu za Waafrika ziende polepole na ziepuke mbinu za kamera ambazo, kwa maoni yake, zingewachanganya.

Historia hii ina mafunzo mawili yanayovutana. La kwanza ni onyo. Kudai kwamba kundi fulani haliwezi kuelewa filamu ni kudai mamlaka juu ya kundi hilo, na madai kama hayo yamewahi kutolewa bila ushahidi na kwa dharau. Yeyote anayepanga sera za watazamaji leo, hata kama mtazamaji ni mtoto wa kweli, hana budi kulikumbuka hilo. La pili halitajwi sana. Pamoja na dhana zao potofu, watu wa Vugiri hawakuwaza kwamba filamu ingeweza kufanya kazi bila lugha ya mtazamaji. Maelezo yaliandaliwa katika santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwa mojawapo. Miongo kadhaa baada ya uhuru, filamu zinazomiminika kwa watoto wa eneo hilohilo mara nyingi haziji na hata hilo.

4.0 Hofu ya Mtoto Yaingia Maabara

Nchini Marekani, wasiwasi kuhusu watoto na sinema ulizaa mfululizo mkubwa wa tafiti uliofadhiliwa na mfuko wa Payne na kuchapishwa mwaka 1933. Watafiti walipima mabadiliko ya umeme katika ngozi za watoto walipokuwa wakitazama filamu, na wengine wakapima jinsi watoto walivyogeukageuka usingizini usiku uliofuata. Vipimo hivyo vilikosolewa baadaye, lakini viliweka msingi wa wazo jipya: athari ya filamu iko kwa mtoto na inaweza kuchunguzwa, badala ya kukisiwa kutokana na maadili ya mkaguzi.

Wazo hilo halikupenya haraka katika bodi. Mfano mzuri ni Watership Down ya mwaka 1978, filamu ya katuni ya Martin Rosen iliyotokana na riwaya ya Richard Adams kuhusu sungura wanaotafuta makao mapya. Ndani yake kuna sungura wanaofukiwa wakiwa hai, wanaonaswa mitegoni na wanaoraruana hadi damu kuchuruzika. Bodi ya Uingereza iliipa daraja la U. Hoja ya wakaguzi ilikuwa kwamba uchoraji hupunguza ukali wa damu, na kwamba mtoto angeguswa wakati wa kutazama lakini asingesumbuka baada ya hadithi kwisha. Malalamiko ya wazazi yaliendelea kwa miongo, na filamu hiyo ilipandishwa daraja kuwa PG zaidi ya miaka 40 baadaye.

Kosa la mwaka 1978 lilikuwa kudhani kwamba kwa kuwa kitu kimechorwa, mtoto hukiona kuwa si cha kweli. Tafiti za Joanne Cantor na wenzake kuanzia miaka ya 1980 ziliupa mjadala msingi imara zaidi. Zilionyesha kwamba watoto wadogo, hasa kati ya miaka 3 na 8, hutishwa zaidi na mwonekano: sura mbaya, kelele, mnyama mkubwa, mtu anayebadilika umbo mbele ya macho. Watoto wakubwa hutishwa zaidi na yale wanayoyaelewa, kama vile uwezekano wa jambo kutokea kweli. Zilionyesha pia kwamba kumweleza mtoto mdogo kuwa jambo si la kweli humsaidia kidogo. Kumshika, kuketi naye karibu au kumpa kitu cha kukumbatia humsaidia zaidi. Bibi yeyote aliyewahi kusimulia habari za zimwi usiku angekubaliana na matokeo hayo bila kuyasoma.

Kuhusu maudhui ya filamu zenyewe, mwaka 2014 Ian Colman, James Kirkbride na wenzao walichapisha katika jarida la tiba la BMJ ulinganisho wa filamu 45 za katuni za watoto zilizotoka kati ya 1937 na 2013 na filamu 90 za drama za watu wazima. Waligundua kwamba hatari ya mhusika muhimu kufa ilikuwa mara 2.5 zaidi katika katuni, na kwamba wazazi wa wahusika wakuu walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Ingawa makala hiyo iliandikwa kwa mzaha kidogo, takwimu zake ni za kweli. Mama wa Bambi aliuawa na mwindaji mwaka 1942, na tangu hapo orodha imeendelea kurefuka.

5.0 Alama ya PG na Mtu Aliye Kando ya Mtoto

Mfumo wa madaraja ya umri wa Marekani ulianza Novemba 1968 ukiwa na alama G, M, R na X. Alama ya M iligeuzwa GP mwaka 1970, kisha PG mwaka 1972, na mwaka 1984 ikaongezwa PG-13 baada ya malalamiko kuhusu filamu mbili zilizohusishwa na Steven Spielberg. Uingereza ilianza kutumia PG mwaka 1982. Kati ya 1985 na 2009 ilikuwa pia na alama ya Uc kwa video zilizowafaa hasa watoto ambao hawajaanza shule. Kuondolewa kwa alama hiyo kunastahili kuangaliwa, kwa sababu ndiyo iliyojibu moja kwa moja swali la mlezi wa mtoto mdogo sana. Alama ya U pekee huanzia takribani miaka 4, na PG humlenga mtoto wa karibu miaka 8.

Tangu miaka ya 2000, filamu nyingi kubwa za katuni Marekani zimekuwa zikipewa PG. The Lion King ya 1994 ilipewa G, ilhali toleo lake la 2019 lilipewa PG. Inside Out ya 2015 ilipewa PG Marekani na U Uingereza. Alama moja inayofunika karibu kila filamu ya familia humwambia mlezi jambo dogo sana: kwamba aamue mwenyewe.

Kenya hutumia PG pamoja na alama ya maonyesho ya wote na madaraja ya miaka 16 na 18. Katika utangazaji, muda wa kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku umetengwa kwa vipindi vinavyoweza kutazamwa na familia. Uganda iliikabidhi kazi ya kukagua filamu kwa baraza la vyombo vya habari lililoundwa kwa sheria ya 1995. Mifumo hii ina nguvu za kisheria, na imezitumia hata kwa katuni. Mwezi Juni 2017 bodi ya Kenya iliagiza vipindi kadhaa vya katuni vya chaneli za kulipia viondolewe hewani, miongoni mwao The Loud House na Steven Universe, kwa hoja kwamba vilieneza mahusiano ya jinsia moja. Mwaka 2022 Falme za Kiarabu zilizuia Lightyear kuonyeshwa kwa sababu inayofanana na hiyo. Vyovyote mtu atakavyoyapima maamuzi hayo, ni wazi kwamba yalijibu swali la kwanza kati ya yale matatu, yaani jamii ya watu wazima inakubali nini. Hayakugusa iwapo mtoto wa miaka 4 angelala vizuri usiku huo.

Alama ya PG ina tatizo jingine, ambalo linadhihirika inapotafsiriwa. Kwa kawaida husemwa ni uangalizi au mwongozo wa mzazi. Kiswahili kinatofautisha mzazi na mlezi, na methali inaeleza kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Katika kaya nyingi za ukanda huu, anayekuwa na mtoto mchana filamu ikiwekwa ni bibi, dada wa kazi, shangazi au kaka wa miaka 11. Alama inayomwita mzazi humwita mtu aliye kazini. Tena hudhani kwamba mtu huyo anaweza kusoma onyo la Kiingereza lililoandikwa kwa herufi ndogo, na kwamba anaijua filamu kiasi cha kuweza kumwongoza mtoto ndani yake.

6.0 Swali Lililoachwa: Lugha

The Lion King ndiyo filamu ya katuni inayokopa Kiswahili kwa wingi kuliko zote zilizopata umaarufu wa aina yake. Simba, Rafiki, Pumbaa, Sarabi na ule usemi wa kutojali shida vilifika duniani kote kupitia kwayo. Hata hivyo, lugha ya Kiafrika ambayo filamu hiyo ilitafsiriwa kwayo mwaka 1994 ilikuwa Kizulu. Mtoto wa Kiswahili aliyeitazama kwa Kiingereza alikutana na visiwa vya maneno anayoyajua katikati ya bahari asiyoijua.

Kisiwa kimojawapo ni jina la fisi jike, Shenzi. Kwa wakaguzi wa Marekani na Uingereza hilo lilikuwa sauti tupu. Kwa msemaji wa Kiswahili ni tusi, tena tusi lenye historia: lilitumika pwani kuwatenga watu wa bara na wasio waungwana, kisha likawa kinywani mwa mabwana wa kikoloni dhidi ya watumishi wao. Filamu iliyopewa G Marekani na U Uingereza ilibeba neno ambalo walimu wengi wa chekechea wangemkanya mtoto kwa kulitamka. Jambo hili ni dogo, na hakuna anayependekeza filamu hiyo izuiwe kwa ajili yake. Linaonyesha tu kwamba daraja la umri haliwezi kusafiri bila lugha iliyotumika kulipatia.

Jambo kubwa zaidi liko katika muundo wa hadithi. Kifo cha Mufasa kinaonekana: nyumbu wanatimka bondeni, mfalme ananing'inia kwenye mwamba, anaanguka, na mwanawe anamkuta hapumui na kujilaza chini ya mkono wake. Mtoto yeyote anaelewa hayo bila kujua neno hata moja. Lakini kinachofuata kiko katika maneno. Scar anamtwisha Simba lawama kwa maneno. Rafiki anamrudishia Simba baba yake kwa maneno. Mwishoni, Scar anakiri kwamba yeye ndiye aliyemuua Mufasa, na Simba anaondolewa hatia aliyoibeba tangu utotoni. Hayo pia ni maneno. Muundo huohuo uko katika Finding Nemo ya 2003, ambapo mama na mayai yake wanatoweka mwanzoni kwa shambulio la samaki mkubwa, na ahadi ya baba kwa yai moja lililosalia inatolewa kwa sauti ya chini.

Hoja ya makala hii ni kwamba mgawanyo huo ni wa kawaida katika filamu za katuni za familia. Hofu hubebwa na picha. Faraja, maelezo na msamaha hubebwa na mazungumzo. Ukiunganishwa na matokeo ya tafiti kuhusu umri, unazaa hitimisho lenye uzito kisera. Mtoto mdogo tayari huathirika zaidi na anachokiona. Akinyimwa lugha, ananyimwa nusu ya filamu iliyowekwa makusudi kumtuliza. Filamu iliyopimwa kuwa inamfaa mtoto wa miaka 4 anayesikia Kiingereza haijapimwa bado kwa mwenzake asiyekisikia.

Jamii za Afrika Mashariki hazikusubiri bodi ziligundue hilo. Katika ngano za Kiswahili msimulizi na msikilizaji hukabiliana uso kwa uso. Baada ya paukwa na pakawa, msimulizi huona jicho la mtoto, na zimwi hupunguzwa meno au kuongezwa kulingana na anachokiona. Filamu ilipoingia katika mabanda ya video, kazi hiyo ilichukuliwa na wafasiri wa papo kwa papo. Uganda wanajulikana kama vijei. Tanzania Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alipata umaarufu kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na Kenya DJ Afro ameendeleza fani iliyo karibu nayo. Wafasiri hawa hutoa maelezo, huchekesha mahali pa kutisha, huwapa wahusika majina ya mtaani na wakati mwingine huongeza matusi ambayo hayamo katika filamu asilia. Kwa maneno mengine, hubadili daraja la filamu wanapoitamka. Filamu iliyotafsiriwa ni kazi mpya kwa mtoto, iwe tafsiri hiyo imefanyika studio au bandani.

Uthibitisho kwamba njia nyingine inawezekana uko Tanzania, ambako Ubongo Kids ilianza kurushwa mwaka 2014. Kipindi chake ndugu, Akili and Me, kimelengwa kwa watoto wa takribani miaka 3 hadi 6. Mhusika wake ni msichana wa miaka 4 anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na toleo la Kiswahili humsemesha mtazamaji mdogo kwa lugha yake. Hapa umri na lugha vilifikiriwa pamoja tangu mwanzo, na swali la mlezi linapata jibu kabla halijaulizwa.

7.0 Mambo ya Kuzingatiwa Kisera

Historia iliyoelezwa inaelekeza kwenye mapendekezo manne. La kwanza, bodi za nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziambatanishe na daraja maelezo mafupi ya Kiswahili yanayosema kilichomo kwa lugha ya kawaida: mzazi wa mhusika anakufa mwanzoni, kuna mnyama anayeruka ghafla, mtoto anatenganishwa na familia yake kisha wanakutana. Sentensi 3 za namna hiyo zina manufaa kwa bibi kuliko herufi mbili za PG. Ziwe pia katika umbo linaloweza kutumwa kwa simu na kusomwa redioni, kwa kuwa filamu nyingi huwafikia watoto kwa njia ambazo bango la ukumbi wa sinema halizifiki.

La pili, neno mlezi lichukue nafasi ya mzazi katika maandishi yote ya madaraja. La tatu, lugha ya filamu iwe kigezo cha uainishaji, na toleo lililotiwa sauti za Kiswahili lichunguzwe upya kama kazi inayojitegemea. Kufanya hivyo kunaweza kulishusha daraja la filamu, kwa sababu faraja imerudishwa, au kulipandisha, kwa sababu ya maneno yaliyoongezwa. La nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar iongoze kazi ya kuoanisha istilahi. Hakuna sababu ya kitaaluma ya mtoto kuvuka mpaka wa Namanga na kukuta kwamba kinachoainishwa upande mmoja kinakaguliwa upande wa pili.

Mapendekezo haya yamejiwekea mpaka kwa makusudi. Hayaongezi mamlaka ya kuzuia, kwani uzoefu wa enzi za ukoloni unaonyesha jinsi hoja ya kutoelewa kwa mtazamaji inavyogeuzwa kwa urahisi kuwa kisingizio cha kumwamulia. Yanalenga kumpa taarifa mtu ambaye tayari ndiye mwamuzi. Kinachohitajika sambamba nayo ni utafiti wa moja kwa moja na watoto wa ukanda huu, unaolinganisha mtoto aliyetazama filamu kwa lugha yake na yule aliyeitazama kwa lugha asiyoijua. Hoja ya picha na maneno iliyotolewa hapa inaweza kupimwa, na inastahili kupimwa kabla ya kugeuzwa kanuni.

8.0 Hitimisho

Kwa zaidi ya karne moja taasisi za filamu zimejaribu kujibu kwa alama jambo ambalo mlezi huliuliza kwa sentensi. Alama hizo zimebadilika kadiri hofu za watu wazima zilivyobadilika: kutoka ajuza wa Snow White, hadi damu ya sungura, hadi maadili ya familia. Afrika Mashariki ilirithi alama hizo pamoja na mashaka ya kikoloni kuhusu nani anayeweza kuelewa nini, lakini haijaziongezea kile ambacho mazingira yake yanakidai, yaani lugha.

Mtoto anayelia filamu inapokwisha, ilhali wahusika wote wanacheka kwenye skrini, huenda ameona kila kitu na hakusikia chochote. Mlezi aliye kando yake anajua kumpakata. Ambacho hajapewa ni sentensi chache za Kiswahili, kabla filamu haijaanza, za kumweleza watakutana na nini. Kuziandika sentensi hizo ni kazi ya bodi na ya wataalamu wa Kiswahili kwa pamoja, na gharama yake ni ndogo kuliko ya taratibu nyingi ambazo tayari ziko katika sheria za nchi hizi.